Maana ya Komunalka

Komunalka ni nyumba ya ghorofani iliyogawanywa ili familia kadhaa zisizo na undugu ziishi humo, kila moja katika chumba chake, huku jiko, bafu, choo na korido vikitumiwa na wote. Nyumba hizi zilienea katika miji ya Urusi, hasa Moscow na Leningrad (leo St Petersburg), baada ya mapinduzi ya 1917, Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Lenin, walipotwaa makazi ya matajiri na kuwaingiza wafanyakazi. Ziliongezeka zaidi viwanda vilipowavuta wanavijiji mjini bila nyumba mpya za kutosha kujengwa.

Anayezijua nyumba zetu za kupanga, zenye choo kimoja uani, asidhani kwamba ni yaleyale. Mpangaji wetu akichoshwa na majirani hufungasha virago. Mkazi wa komunalka alipewa chumba na mamlaka za serikali kwa kipimo cha mita za mraba kwa kila mtu, na tangu mwishoni mwa 1932, pasipoti za ndani na usajili wa makazi uitwao propiska vilipoanzishwa, hakuweza kuhamia mjini popote alipotaka bila idhini. Ndiyo maana walikuwapo wanandoa waliokwisha kuachana lakini wakaendelea kulala chumba kimoja, kabati likiwa ndiyo ukuta kati yao. Kodi, tuseme kweli, ilikuwa ndogo sana.

Mlangoni palibandikwa majina ya wakazi na idadi ya kengele za kila familia: mgeni wa hawa abonyeze mara moja, wa wale mara tatu. Jikoni kila familia ilikuwa na meza yake na, kabla gesi haijaingia, jiko lake la mafuta ya taa. Chooni zilining'inia balbu kadhaa, kila moja ikiwashwa kwa swichi iliyo katika chumba cha mwenyewe, ili umeme wa mtu usimfaidishe jirani. Simu ilikaa koridoni, na kila neno lilisikika.

Kusikika huko, kwa maoni yangu, ndiko kiini cha dhana hii kuliko hata msongamano. Enzi za Stalin, mtawala wa kimabavu wa Muungano wa Sovieti, jirani mwenye kinyongo, au aliyekitamani chumba cha mwenzake, aliweza kumchongea kwa polisi wa siri, na chumba cha aliyekamatwa kikapewa mwingine. Watu walijifunza kunong'ona ndani ya kuta zao wenyewe.

Mwaka 1957 serikali ya Khrushchev, kiongozi aliyefuata baada ya Stalin, ilianzisha ujenzi mkubwa wa majengo ya bei nafuu, mengi ya ghorofa tano, na mamilioni ya familia yakapata jiko dogo lakini la peke yao, ambamo marafiki waliweza kuzungumza siasa hadi usiku wa manane. Hata hivyo komunalka hazikwisha, na St Petersburg bado zipo nyingi. Baada ya Muungano wa Sovieti kuvunjika mwaka 1991 wakazi waliruhusiwa kumiliki vyumba vyao, ila anayetaka kuuza chake hana budi kuwapa kwanza wenye vyumba vingine nafasi ya kukinunua.