Je, wajua kwa nini boti ya topido (kombora liendalo majini) ya Kijerumani huwatesa mafundi wanaounda meli ndogo za mfano kwa karatasi?

Chukua ukurasa wa gazeti uukunje kama afanyavyo muuza karanga: unapata koni safi isiyo na kunyanzi hata moja. Sasa jaribu kuufunikia mpira kwa ukurasa huohuo. Utakunjamana, ukiulazimisha utachanika. Karatasi hukubali kupinda upande mmoja tu. Ukiitaka ipinde pande mbili kwa pamoja, inagoma. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alilithibitisha hilo mwaka 1827, ingawa sidhani kama alikuwa akiwaza boti.

Wanaoumia kwa ukweli huo ni watu wanaojenga Schnellboot kwa karatasi na gundi. Jina hilo maana yake ni "boti ya kasi". Jeshi la majini la Ujerumani lilizitumia katika Vita vya Pili vya Dunia kuvizia meli usiku. Zile za miaka ya mwisho zilikuwa na urefu wa mita 35 hivi, injini 3 za dizeli na mirija 2 ya kufyatulia topido, na zilikwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa.

Asili yake ni chombo cha starehe. Mwaka 1927 kiwanda cha Lürssen, Bremen, kilimjengea tajiri wa benki wa New York, Otto Kahn, boti iitwayo Oheka II. Wanamaji wa Ujerumani wakavutiwa na umbo lake, na mwaka 1930 wakapata ya kwao ya kivita. Boti nyingi za aina hiyo za Uingereza na Marekani zilikuwa na tumbo bapa lenye kona, linaloteleza juu ya maji. Bahari ikitulia, raha tupu. Ikichafuka, ni kugongwagongwa hadi meno yaume. Lürssen walishikilia tumbo la mviringo linalokata wimbi, kwa sababu Bahari ya Kaskazini haina mzaha. Walilifunika kwa mbao juu ya mataruma, yaani mbavu za chombo, ya aloi nyepesi.

Hapo ndipo balaa la fundi wa karatasi linapoanzia. Boti yenye kona hukunjwa kama boksi. Hii ya mviringo, hasa kuelekea omo, yaani mbele, ni ule mpira wetu.

Anayetaka tumbo zima hufuata njia ya waunda jahazi. Hukata mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, na mataruma kutoka karatasi ngumu, akayapachika yashikane, kisha ganda hulileta vipande vipande, kila kimoja kikiziba nafasi kati ya taruma na taruma. Kipande kimoja kinapinda upande mmoja tu, lakini vikiwa vingi jicho hudanganyika. Kabla ya gundi, kila kipande hulainishwa kwa kukiviringishia penseli juu ya kiganja. Ukiruka hatua hiyo mataruma yatatokeza kama mbavu za punda mwenye njaa, na hakuna rangi itakayoyaficha.

Njia ya pili ni ya ujanja: kata boti kwenye usawa wa maji, chini yake usijenge kitu. Ndivyo zilivyo karatasi nyingi za kuunda meli zinazochapwa Ujerumani, zikiwemo zile maarufu za Wilhelmshaven, mji wa wanamaji. Kipimo chao cha kawaida ni 1:250, yaani sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 250 za meli halisi, kwa hiyo Schnellboot huwa na urefu wa sentimita 14 na upana wa sentimita 2. Topido ya akiba inakuwa kijiviringo cha milimita 2. Mtutu wa mzinga wa milimita 20, ukiupunguza kwa haki, ni mwembamba kuliko karatasi yenyewe, na hapo hata wenye msimamo mkali wa karatasi tupu huchukua uzi wa waya wakanyamaza.

Mimi naipenda njia hii, ila ina kejeli yake. Wahandisi wa Lürssen waliweka sukani 2 ndogo kando ya ile kubwa. Zikielekezwa nje kwa nyuzi 30 hivi, huvuta hewa nyuma ya rafadha (pangaboi za kusukuma boti), tezi, yaani sehemu ya nyuma, haizami, wimbi la nyuma linapungua na boti inaongeza mwendo. Sukani hizo zote ziko chini ya mstari uliopitiwa na mkasi.