Je, wajua kwa nini kamba za raba hufunguka zenyewe?

Umefunga kamba asubuhi, ukakaza hadi vidole vikauma, na kabla hujafika kituoni ncha moja inaburuzwa vumbini. Lawama zote huiangukia kamba. Mara nyingi mkosaji ni fundo.

Mwaka 2017 wahandisi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza kinachotokea baada ya kumrekodi mtu akikimbia, kwa kamera inayoonyesha mwendo polepole. Mguu unapotua, kishindo chake, takribani mara 7 ya nguvu ya uvutano wa dunia, hulifinya fundo na kulilegeza. Mguu ukirushwa, ncha zinazoning'inia huchapa huku na huku na kulivuta. Fundo huvumilia muda mrefu bila dalili yoyote, kisha likianza kuachia, sekunde chache tu limekwisha. Kupiga kisigino chini peke yake hakulifungui, wala kuutikisa mguu hewani ukiwa umeketi. Sharti mambo hayo mawili yakutane.

Sasa litazame fundo lako kutoka juu. Kama masikio yake, yale matanzi mawili, yamelala moja kushoto, moja kulia, ni imara. Kama moja linaelekea vidoleni na jingine kwenye kifundo cha mguu, umepitisha kamba upande uleule mara mbili, na fundo la hivyo huachia upesi zaidi. Dawa ni kugeuza hatua ya kwanza tu: uliyezoea kuanza kulia juu ya kushoto, anza kushoto juu ya kulia, kisha masikio yafunge kama kawaida. Siku za mwanzo mikono itakataa.

Ukinunua kamba mpya, ya nailoni ya mviringo inapendeza lakini huteleza. Pamba hushika vizuri, ila hunywa maji na kulika haraka. Kwa raba ya kila siku tungechukua poliesta bapa, upana wa milimita 7 au 8.

Urefu usiubahatishe. Chomoa ya zamani, inyooshe, ipime. Raba ya mtumba iliyokuja bila kamba, hesabu jozi za matundu: jozi 5 hutaka kama sentimita 90, jozi 6 kati ya 110 na 120, jozi 7 kati ya 120 na 135, jozi 8 kama 140. Mguu mnene uongezewe kidogo. Ikizidi, ncha huwa ndefu na nzito, na ndizo hizo zinazovuta fundo. Ikipungua utaruka matundu ya juu na kisigino kitapwaya.

Unapoivalisha, anzia matundu ya chini kabisa, sawazisha ncha mbili kabla ya kuendelea, na kamba bapa isijisokote njiani.

Kile kiplastiki cha nchani kikitoka, zungushia selotepu mara mbili kwa kubana. Poliesta na nailoni unaweza kuziyeyusha ncha kwa kiberiti, bila kuzigusa zikiwa moto. Pamba itaungua tu.

Na kamba ikikatika, angalia ilikatikia tundu lipi kabla ya kuweka nyingine. Pete ya chuma yenye ukingo mkali isuguliwe kwa msasa laini, la sivyo mpya nayo itakatikia palepale.