Pumzi 20 kwa kila mgonjwa

Wauguzi wafawidhi tukikutana, malalamiko kuhusu waajiriwa wapya huwa yale yale: wamefaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, leseni wanazo, lakini wodini "hawajui kazi". Nami nimewahi kusema hivyo, na sasa naona tulikosea, kwa sababu wengi wao wanajua. Kinachowapungukia ni kutambua kipi kianze pale wagonjwa thelathini wanapoachiwa wauguzi wawili.

Asubuhi moja, tukikabidhiana zamu, nilikuta muuguzi mwenye miezi miwili kazini amejaza pumzi 20 kwa dakika kwenye chati za wagonjwa wote kumi na wawili wa upande wake. Presha, joto na mapigo ya moyo vilitofautiana, maana hivyo alisomewa na vifaa. Pumzi huhesabiwa kwa kusimama kitandani na kutazama kifua kinavyopanda na kushuka dakika nzima, na dakika hiyo hakuipata. Nilipohesabu mwenyewe, mzee mmoja mwenye nimonia alikuwa akipumua mara 34. Tulimwekea oksijeni, tukamwita daktari. Baadaye nilimwuliza binti yule kiwango cha kawaida kwa mtu mzima, akajibu papo hapo: 12 hadi 20. Elimu alikuwa nayo. Ile 20 aliiokota kwenye chati za nyuma, kwa mwandiko wetu sisi tuliomtangulia, na hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe.

Mwaka 1984 Mmarekani Patricia Benner alieleza ngazi tano za ukuaji wa muuguzi, akaiweka ya tatu, yaani ya umahiri, baada ya miaka miwili au mitatu katika kazi ya aina moja. Sisi tunaidai mwezi wa pili, na kabla haujaisha tumeshamhamishia wodi nyingine.

Siku hizi wepesi wa kuweka kanula, kile kimrija cha mshipani cha kupitishia dawa, haunisumbui, kwani huja wenyewe baada ya wiki chache. Ninachokiangalia ni kama anaita msaada mapema, na aliyewahi kukaripiwa mbele ya wagonjwa kwa kuuliza swali haiti. Kwa hiyo wodini kwangu mgeni hakai zamu ya usiku peke yake kwa miezi mitatu ya mwanzo, na kila makabidhiano huanzia kwa mgonjwa aliye hoi zaidi, mwenyeji na mgeni wakihesabu pumzi pamoja, saa mkononi.