Omo Ikinyanyuka, Usikimbilie Risasi

Boti yangu ya kwanza ya mbio, boti ndogo ya mfano aina ya haidropleni ya pointi tatu (inayoteleza juu ya maji ikiyagusa sehemu tatu tu), ilikuwa ikipinduka kila ikishika kasi. Nikaigandishia risasi, ile metali nzito, kwenye omo, yaani mbele, ili kuilemeza. Kweli ikaacha kupinduka, ila na mbio ikaacha!

Tuanzie kwenye umbo. Boti ya namna hii ikiwa kasini haielei tena. Inagusa maji kwa visigino, yaani ncha za nyuma, vya sponsoni zake mbili za mbele (miguu ya pembeni inayoibeba) na kwa propela iliyo tezini, yaani nyuma, nayo propela nusu yake iko hewani. Katikati ya sponsoni kuna mfereji wa hewa. Hewa ikibanwa humo husaidia kubeba uzito, boti ikayaparuza maji badala ya kuyalima. Lakini msukumo huo hukua kwa mraba wa kasi: toka kilomita 60 kwa saa hadi 90, umeshafika mara 2.25, na uzito wa boti haujaongezeka hata gramu.

Kinachoamua ni mahali msukumo unapoegemea. Ukiwa mbele ya kitovu cha uzito, omo ikipanda kidogo tu tumbo huikinga hewa zaidi, basi inazidi kupanda. Ndivyo Bluebird K7, boti halisi ya Donald Campbell, Mwingereza mvunja rekodi za kasi, ilivyopaa na kupinduka kwenye ziwa la Coniston, Uingereza, tarehe 4 Januari 1967, akafariki.

Kwa hiyo siku hizi naiweka boti juu ya kioo na kupima mwinuko wa tumbo kabla ya kugusa farumi, yaani uzito wa kulemezea. Tumbo likitazama juu mno, nashusha mhimili wa propela milimita moja. Tezi inapanda, omo inainama. Nikihitaji zaidi nasogeza betri mbele. Uzito tayari ninao, wa nini kuongeza mwingine?

Halafu kuna kingo, ambazo wengi huzipiga msasa mpaka zikawa laini kama yai. Zinapendeza, lakini zinakula kasi. Shika mgongo wa kijiko chini ya bomba uone maji yanavyoufuata mviringo na kukivuta kijiko. Kisigino cha sponsoni kilichoviringwa huvutwa chini vivyo hivyo. Mimi hukijaza gundi ya epoksi na kukichonga hadi kiwe na pembe kali, na ukucha ukipita juu yake bila kukwama, narudia.