Kulinda ghuba kwa pamoja: maana yake hasa

Kulinda ghuba kwa pamoja ni pale miji na vijiji vinavyotumia maji ya ghuba moja vinapokubaliana kiasi cha uchafu ambacho ghuba inaweza kuhimili, vikagawana kiasi hicho, kisha vikapima maji kwa njia moja na kuonyeshana majibu. Hapo kwenye kugawana ndipo wengi huruka. Kuokota chupa ufukweni Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni jambo jema, ila uchafu unaoharibu maji hauokoteki.

Tazama Kigoma, mji ulio kwenye ghuba ya Ziwa Tanganyika, mvua kubwa inapokatika. Mitaro ya mitaa ya Mwanga na Gungu inashuka na udongo, mbolea ya bustani na yaliyofurika kutoka vyooni, na ukanda wa ufukweni unageuka rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo hutua juu ya mawe ambako samaki wadogo wa ziwani hula na kuzalia. Naitrojeni na fosforasi, virutubisho vilivyomo kwenye mbolea na kinyesi, hustawisha mwani. Mwani ukifa, kuoza kwake hula oksijeni. Cha chooni kina hatari yake: mwaka 2015 kipindupindu kiliwashika wakimbizi wa Burundi waliorundikana Kagunga, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa mji, ambako maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa hilohilo.

Wapo wanaosema ziwa ni kubwa, litajisafisha. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, lakini mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvuke haubebi uchafu. Kinachoingia, kwa sehemu kubwa, kinabaki.

Sasa shida ya mipaka. Sheria ndogo za Manispaa ya Kigoma/Ujiji zinaishia mpakani mwa manispaa. Mto Luiche, unaomwagika ziwani kusini mwa Ujiji, huanzia mbali kwenye vilima vya Kasulu, na mkulima wa huko haoni tope lake likifika. Manispaa inaweza kumtoza faini anayemwaga taka kwenye ufukwe wa Kibirizi. Kwa shamba la mlimani haina la kufanya isipokuwa kukaa mezani na wenzake.

Meza hiyo ilipata kuwekwa Florida, Marekani, kwenye ghuba ya Tampa. Katika miaka ya 1990 miji ya Tampa, St. Petersburg na Clearwater, pamoja na kaunti zinazoizunguka ghuba na viwanda, vilikubaliana kikomo cha naitrojeni inayoingia majini, kila mmoja akabeba sehemu yake. Maji yakaanza kung'aa, na nyasi za baharini zilizokuwa zimetoweka zikarudi. Halafu mwaka 2021 bwawa la maji taka ya kiwanda cha zamani cha mbolea, Piney Point, likavuja, na zaidi ya galoni milioni 200 zikamwagwa ghubani. Mmoja akizembea, hesabu ya wote inavurugika.

Vipimo vyenyewe si vya kutisha. Kimojawapo ni sahani ya duara, nyeusi na nyeupe, inayoshushwa majini kwa kamba. Unasoma kina ambacho inapotea machoni. Muhimu ni wote wapime siku moja kwa sahani ya aina moja, la sivyo mtabishana vipimo badala ya maji.

Kwetu vipande vingi vipo tayari. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ina makao Kigoma. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilitia saini mkataba wake mwaka 2003, na mwaka 2024 Tanzania, kwa makubaliano na wenzake, ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa samaki, basi, kukubaliana kumewezekana.

Kwa maji kugumu zaidi, kwa sababu anayegharimika na anayefaidika si mtu mmoja. Mkulima wa Kasulu akichimba makingamaji ya kuzuia udongo usisombwe, jasho ni lake na maji safi ni ya Ujiji. Makubaliano yasiyosema mji utamchangia nini mtu huyo, iwe miche, zana au fedha, yatabaki kwenye faili.