Wanafunzi Wakija Lamu: Dhana Potofu Kuhusu Tafakari ya Safari

Makundi ya wanafunzi kutoka Ulaya na Marekani hufika Lamu zaidi msimu wa kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, chuo kwao kikiwa likizo. Wengi wametakiwa waandike tafakari ya safari yao katika "nchi inayoendelea". Karatasi huandikwa kwao, lakini yaliyomo hutoka huku: kwa mwalimu, nahodha, mpishi, mwenye nyumba. Kwa hiyo dhana zinazoiharibu karatasi hiyo zinatuhusu sisi wenyeji pia.

Dhana: Tafakari hufanywa baada ya kurudi nyumbani.

Kufikia hapo kumbukumbu imeshachujwa. Zimebaki picha, na ile sentensi isiyokosekana: watu hawana kitu lakini wana furaha. Aliyeiandika hakumuuliza mtu yeyote kama ana furaha.

Kikao cha tafakari kifanywe kila jioni wakiwa bado huku, nusu saa, watu 6 hadi 8. Wakizidi hapo, wawili husema na wengine husinzia. Kisiwekwe kati ya Magharibi na Isha, maana wenyeji mnaowahitaji wako msikitini. Kila mmoja aandike kwanza, ndipo aseme: leo nimeona nini hasa, bila kutumia neno "maskini", nilidhani kina maana gani, na nani hapa angeniambia sivyo? Swali la tatu ndilo lenye kazi. Asubuhi yake mwanafunzi amwendee mtu huyo akamuulize.

Dhana: Kupaka rangi ukuta wa shule hakuna madhara.

Hutegemea ukuta. Nyumba za zamani za Lamu, na baadhi ya majengo ya umma, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta huo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia plasta ya chokaa. Ukiupaka rangi ya mafuta, au ukiuziba kwa saruji, unyevu hukosa njia. Chumvi hujikusanya nyuma ya rangi, ukuta hufura, kisha plasta hubanduka vipande vizima. Wageni wakati huo wako kwao, na picha ya ukuta mpya iko ndani ya tafakari.

Kazi sahihi ni ya polepole. Chokaa iliyozimwa huachwa ndani ya maji kwa wiki kadhaa. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga, na mchanga wa ufukweni hautumiki kabla ya kuoshwa chumvi. Ukuta hulowanishwa, plasta hupigwa tabaka jembamba, hukingwa na jua, na tabaka la pili husubiri la kwanza likaze. Safari ya siku kumi haitoshi. Kundi linaweza kubeba maji, kuchekecha mchanga na kumlipa fundi. Mwiko abaki nao fundi. Methali inasema mgeni siku ya tatu apewe jembe, haikutaja brashi.

Dhana: Ratiba huvunjika kwa sababu watu wa huku hawajali saa.

Malalamiko haya hujirudia katika tafakari nyingi, na mara nyingi chanzo chake ni bahari. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, hufikiwa kwa mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na mashua hupita maji yakiwa yamejaa tu. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa takriban saa kumi hadi kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne au tano asubuhi. Saa hizo husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Wiki moja baadaye, maji mafu, hujaa karibu saa nne asubuhi, ila hayapandi sana.

Sasa mratibu aliye Chicago ameandika "Takwa, saa tatu asubuhi" bila kuangalia mwezi. Ikiwa ni bamvua, mashua itakwama kwenye tope na kundi litakaa juani likingoja maji yarudi. Nahodha angewaambia mapema, lakini hakuna aliyemuuliza. Mpeni tarehe kabla ya kuchapisha ratiba.

Dhana: Siku chache darasani au kwenye nyumba ya watoto huwafaa watoto.

Kwanza, Agosti shule za Kenya hufunga kwa likizo, na makundi hushangaa kukuta milango imefungwa. Pili, sheria ya TSC (tume ya kuajiri walimu) ya 2012 hairuhusu mtu asiyesajiliwa kufundisha. Kuja na kibali cha utalii na moyo mwema hakubadilishi hilo. Kuhusu nyumba za watoto, serikali ilisitisha usajili wa mpya mwaka 2017. Watoto wengi wanaolelewa humo wana mzazi au jamaa aliye hai, na wageni wa wiki mbili huwazoesha kupenda na kuachwa. Picha pia zina sheria: ile ya kulinda data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Mtoto kutabasamu si idhini.

Dhana: Lamu imebaki kama zamani.

Mji wa kale uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Gati la kwanza la bandari mpya upande wa bara lilianza kazi mwaka 2021. Punda wapo, na pikipiki zipo.

Dhana yetu wenyewe: Ukarimu ni kumwambia mgeni anachotaka kusikia.

Mgeni akiuliza kama kazi yake imesaidia, tunajibu "sana", naye anaandika hivyo. Siku moja kabla ya kuondoka, wenyeji watatu au wanne waliofanya kazi na kundi wakae nalo saa moja, walipwe kwa muda wao, na waanze kusema wao: nini kiliwachosha, nini kingefanywa na fundi wa hapa, pesa ziliishia wapi. Mratibu aje na hesabu iliyochanganuliwa ya mashua, nyumba, chakula na kiongozi. Anayetaka majibu hayo yawe data ya utafiti awe na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia utafiti, kabla ya kuuliza. Tafakari ikikamilika, ukurasa mmoja kwa Kiswahili urudishwe kwa waliohojiwa, nao waruhusiwe kusahihisha kabla ya kuwasilishwa chuoni.