Kabla Hujatuletea Yai Moja: Dayoksini na Upimaji wa Chakula

Tangu ule ujumbe wa sauti kuhusu "mayai ya kienyeji yenye sumu", unaodai kuna kampuni inayodunga dayoksini kwenye mayai, uanze kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kaunta ya kupokelea sampuli ya maabara yetu imejaa watu. Wengi wanakuja na yai moja. Wapo waliokuja na mapaja ya kuku yaliyokwisha kukaangwa, na mama mmoja alitufungulia hotipoti ya rosti iliyobaki mezani kwake. Tunaushukuru mwamko huo, maana mwananchi anayeuliza kuhusu chakula chake anatusaidia kazi. Lakini swali analokuja nalo, "yai hili lina dayoksini au halina?", si swali ambalo maabara inaweza kulijibu kwa yai moja, na ni vema tukaelewana kabla hujatumia nauli.

Dayoksini, kama inavyofahamika, ni kundi la kemikali zenye klorini ambazo hakuna anayezitengeneza kwa makusudi ili aziuze. Zinajizalisha zenyewe, hasa kwenye moto. Ripoti ya maabara inapotaja dayoksini huwa inamaanisha jumla ya kemikali 17, yaani dayoksini 7 na jamaa zake wa karibu, furani 10, na mara nyingi huongezwa PCB 12, kemikali za viwandani ambazo mwilini zinafanya uharibifu wa namna ileile. Jumla 29. Kila moja ina ukali wake uliopangwa na Shirika la Afya Duniani: TCDD, dayoksini kali kuliko zote, ndiyo kigezo, imepewa 1, na nyingine zinalinganishwa nayo. Kiasi cha kila moja huzidishwa kwa ukali wake, kisha majibu yote yanajumlishwa kuwa namba moja, kwa pikogramu katika kila gramu ya mafuta. Pikogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara trilioni. Kwa hiyo mtu asije akatuambia "mimi nimelinusa, halina kitu". Kwa kiasi hicho hakuna harufu, hakuna ladha, na rangi ya kiini haihusiki kabisa.

Umoja wa Ulaya, ambao viwango vyake ndivyo vinavyotumika zaidi kama rejea katika kazi hii, umeweka kikomo cha pikogramu 2.5 za dayoksini na furani kwa kila gramu ya mafuta ya yai la kuku, na 5.0 ukijumlisha PCB. Hapa watu wengi, wakiwemo wafanyabiashara tunaowaheshimu, wanateleza. Wanadhani chini ya kikomo maana yake ule utakavyo. Piga hesabu. Yai la kawaida lina mafuta kama gramu 6. Likiwa kwenye kikomo cha 5.0 kamili, linabeba pikogramu 30. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipanga mwaka 2018 kwamba mtu asizidishe pikogramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa wiki, akihesabu vyakula vyote. Mtu wa kilo 60 ana nafasi ya pikogramu 120 kwa wiki, na mayai manne ya namna hiyo yanaimaliza. Mtoto wa kilo 15 anaimaliza kwa yai moja. Kiwango hicho kilitokana na utafiti uliofuatilia wavulana nchini Urusi, ambao ulionesha kuwa waliokuwa na dayoksini nyingi utotoni walikuwa na mbegu chache za kiume walipokua. Wiki moja ya kuzidisha haimtupi mtu kitandani. Tunazungumzia mazoea ya miaka. TCDD huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu mwilini mwa binadamu.

Sasa kuhusu kuku wa kienyeji. Ujumbe ule wa WhatsApp una uongo mwingi (hakuna kampuni "inayodunga" dayoksini kwenye mayai, na hakuna ambaye angefaidika kufanya hivyo), ila umegusa jambo la kweli bila kujua. Kuku anayezunguka anachakura, na kila anapodonoa punje au mdudu anameza na udongo. Kwa siku udongo huo unaweza kufika gramu 10 au zaidi. Kama eneo analochakura limemwagiwa majivu ya taka, kilichomo kwenye majivu kinaishia kwenye mafuta yake, na kutoka hapo kinaingia kwenye kiini cha yai. Kuku wa kizimbani anayekula chakula cha kiwandani hana nafasi hiyo, labda chakula chenyewe kiwe kimechafuka.

Hili si la kubuni. Mwaka 2005 mashirika ya mazingira yalichukua mayai ya kuku wanaofugwa jirani na dampo la Dandora, Nairobi, yakapelekwa kupimwa Ulaya. Yalikutwa na zaidi ya pikogramu 22 za dayoksini kwa gramu ya mafuta, wakati kikomo cha Ulaya kipindi hicho kilikuwa 3. Mayai ya jirani na eneo la vyuma chakavu la Agbogbloshie, Accra, yalipopimwa miaka zaidi ya kumi baadaye, yalikuwa mabaya kuliko hayo kwa mbali. Tofauti kubwa ya Agbogbloshie ilikuwa nyaya. Vijana walikuwa wakichoma nyaya za umeme kuondoa plastiki ili wauze shaba, na kwa kemia ya dayoksini huwezi kupanga mambo vibaya zaidi ya hapo: plastiki ya PVC inatoa klorini, shaba yenyewe inachochea mmenyuko, na moto wa wazi una maeneo mengi yenye nyuzi joto 200 hadi 400, ambamo dayoksini huundwa kwa wingi. Ili kuziteketeza unahitaji zaidi ya nyuzi 850 katika tanuri linalodhibitiwa. Pipa la uani halifiki huko. Tukisema hivi kwenye mikutano ya mitaa tunajibiwa kwamba "moto unaua kila kitu". Unaua vijidudu. Dayoksini si kijidudu.

Tuje kwenye utaratibu, ambao ndio unaoleta malalamiko mengi.

Sampuli ya mayai kwa kipimo hiki ni mayai yasiyopungua 12 kutoka bechi moja, yaani banda moja na kipindi kimoja cha utagaji. Yanavunjwa na kuchanganywa pamoja, kwa sababu yai moja linakueleza habari za kuku mmoja tu. Mkaguzi huyachukua mwenyewe mbele ya mwenye mali au mwakilishi wake, anajaza fomu yenye mahali, tarehe, saa, aina ya chakula cha kuku na idadi ya kuku, na wote wawili wanasaini. Sampuli inagawanywa sehemu tatu: ya kupimwa, ya utetezi wa mwenye mali, na ya usuluhishi ikitokea mabishano. Kila sehemu inafungwa kwa lakiri yenye namba, na namba hiyo inaandikwa kwenye fomu. Lakiri ikifika maabara imekatika au namba hailingani, sampuli haipimwi, hata kama mmeitoa mbali kiasi gani. Kuvunja lakiri kwa makusudi au kumzuia mkaguzi ni kosa, na tunaomba tusifike huko.

Sampuli ya nyama, maziwa au mafuta hukaa kwenye chupa ya kioo iliyosuuzwa kwa kiyeyusho, yaani kimiminika kinachoyeyusha mafuta, na si kwenye plastiki. Bado tunaletewa vitu kwenye mifuko laini ya plastiki, ileile iliyopigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, ambayo kukutwa nayo tu ni faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba. Sisi si polisi wa mifuko, lakini msitutie majaribuni.

Ukiamua kuleta sampuli yako mwenyewe, inapokelewa kama sampuli binafsi. Cheti chake kitaandikwa kwamba matokeo yanahusu sampuli iliyopokelewa tu. Huwezi kukitumia kumshtaki jirani, na huwezi kukibandika kwenye trei za mayai kama tangazo. Waliojaribu la pili wanafahamu kilichofuata.

Kwa nini majibu yanachelewa? Mayai yanagandishwa na kukaushwa, mafuta yanakamuliwa kwa kiyeyusho, kisha yanapitishwa kwenye safu za silika yenye asidi ya salfuriki inayounguza mafuta yote, na safu ya kaboni inayotenga dayoksini na jamii nyingine. Kutoka gramu kadhaa za mafuta unabaki na tone dogo lisiloonekana vizuri ndani ya kichupa. Kabla ya yote hayo mkemia ameweka kiasi anachokijua cha dayoksini zilizotengenezwa kwa kaboni-13 (kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida), ambazo mashine inazitofautisha na za asili kwa uzito. Mwishoni anaangalia ngapi zimerudi. Zikiwa chini ya asilimia 60 au juu ya 120, kazi inatiliwa shaka na kwa kawaida inarudiwa. Pamoja na sampuli yako hupitishwa sampuli tupu, isiyo na chakula, kuhakikisha uchafu hautoki kwenye vyombo vya maabara. Kipimo chenyewe hufanywa na kromatografu ya gesi, inayotenganisha kemikali, iliyounganishwa na spektrometa ya masi, inayozitambua kwa uzito. Vipo vipimo vya awali vinavyotumia seli hai zinazotoa mwanga zikiguswa na dayoksini. Ni vya bei nafuu na vinafaa kuchuja sampuli nyingi, ila havitoshi kumfikisha mtu mahakamani.

Maabara zenye uwezo kamili wa kazi hii barani Afrika ni chache mno, hivyo sampuli hupelekwa nje. Kuna watu wanaliona hili kama aibu. Ubelgiji, mwaka 1999, mafuta yenye PCB yalipoingia kwenye chakula cha mifugo, vifaranga vikaanza kufa na mayai kukataa kuanguliwa, sampuli zilipelekwa Uholanzi. Mafuta yalichanganywa Januari, majibu ya maabara yakatoka Aprili, na wananchi wakaambiwa mwishoni mwa Mei. Mawaziri wawili walijiuzulu na serikali ya waziri mkuu Jean-Luc Dehaene ikaanguka kwenye uchaguzi wa Juni. Kilichowaponza si kupima nje. Ni wiki zile walizokaa kimya na majibu mkononi.

Gharama: Shirika la Afya Duniani linakadiria zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa sampuli moja ya kibaiolojia. Ndiyo sababu hatupimi kila kinacholetwa. Tunapima pale ambapo jibu litatupeleka kwenye chanzo: bechi ya chakula cha mifugo, dampo, kiwanda, eneo la kuchomea nyaya. Ikiwa unajua kabisa kwamba nyuma ya banda lako kuna mtu anachoma nyaya kila Jumamosi, huhitaji cheti chetu. Hamisha kuku, wajengee uzio mbali na majivu, na kamwone mtendaji wa mtaa au afisa afya wa kata.

Bidhaa ikithibitika kuzidi kikomo, huzuiliwa, huondolewa sokoni na kuteketezwa kwa gharama za mwenye mali; leseni inaweza kusitishwa na mashtaka yakafuata. Shughuli za usalama wa chakula Tanzania Bara zilihamia Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, kwa hiyo acheni kuwaandikia TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, haipo tena kwa jina hilo. Na tusisitize: kuzidi maana yake ni kuzidi baada ya kutoa shaka ya kipimo, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kukosea. Kikomo kikiwa 2.5, jibu likawa 2.7 na shaka ni 0.4, mzigo haukataliwi. Wanaotuandikia kwamba "maabara imehongwa" katika mazingira ya namna hiyo wangesoma kwanza ukurasa wa pili wa cheti.

Kuchemsha yai hakuondoi dayoksini. Kukaanga pia. Ndimu na siki havifanyi lolote, na glasi ya maziwa ya "kukata sumu" ni mafuta mengine juu ya mafuta. Kwenye nyama, kukata mafuta yanayoonekana kunapunguza. Kwa yai, ukishalila umelila.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyetuuliza, nalo linatutia wasiwasi kuliko mayai: pemba, vile vijiti vya udongo wanavyokula wajawazito. Baadhi ya udongo wa mfinyanzi hubeba dayoksini za asili, za tangu zamani sana, bila kiwanda wala moto wa taka. Mwaka 1997 Marekani walizikuta kwenye kuku na kambare, wakafuatilia hadi kwenye udongo wa machimbo ya Mississippi uliokuwa ukichanganywa kwenye chakula cha mifugo. Na uchunguzi wa maziwa ya mama ulioratibiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ulikuta viwango vya juu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako ulaji wa udongo wakati wa ujauzito ulionekana kuwa chanzo. Hatusemi kila pemba inayouzwa sokoni iko hivyo. Inategemea imechimbwa wapi, na muuzaji mara nyingi hajui. Pemba za Geita zimewahi kupimwa zikakutwa na aseniki na zebaki, kwa hiyo sababu za kuziacha zipo hata bila dayoksini. Mjamzito mwenye hamu ya udongo aongee na mkunga kliniki, kwani mara nyingi hamu hiyo huambatana na upungufu wa damu. Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa sababu ya makala hii. Faida ya maziwa yake ni kubwa kuliko hofu hii, na huo ndio msimamo wa Shirika la Afya Duniani pia.

Wenye taarifa za maeneo ya kuchomea nyaya au taka karibu na mifugo wazilete kwa maandishi, zikitaja mtaa, siku na saa moshi unapoonekana. Picha ya simu inatosha kuanzia. Wanaohitaji kipimo kwa ajili ya biashara waje kwanza kuchukua fomu, bila sampuli, wapangiwe siku ya mkaguzi. Malipo yote ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Hakuna mtumishi wetu anayeruhusiwa kupokea fedha mkononi, wala mayai.